Bustani Juu ya Kitanda cha Nesi

Watu wa jengo lile walimwita Koki, naye aliitika. Alikuwa fundi bomba tangu ujana wake, na alikuwa na kauli moja aliyoirudia arusini, msibani na kwenye benchi la kinyozi: "Sijawahi kuacha nyuma yangu kitu kinachovuja." Aliisema bila majivuno, kama mtu anayetaja kimo chake.

Kisha kiganja cha mkono wake wa kulia kikagoma. Spana ikawa inamponyoka, mara moja nusura imwangukie mteja mguuni, na daktari akamwambia aachane na kazi ya kukaza na kulegeza, apumzike. Daktari hakujua anamwambia nani. Koki hakuwahi kukaa kitini mpaka kiti kikapata joto. Hata chakula alikila akiwa ameuelekea mlango. Kitambulisho chake kilikuwa na picha yenye masikio matatu, kwa sababu mpiga picha alipomwambia atulie, alitulia kwa namna yake.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule palepale sebuleni. Mabinti wao mapacha walikwisha kuolewa na kuhamia mji mwingine, na kwa miaka mingi nyumba ile ilikuwa yake mchana kutwa, yeye na cherehani yake. Sasa alikuwa na mwanamume anayetoka dirishani kwenda mlangoni na mlangoni kwenda dirishani, mpaka meza ikatetemeka na sindano ikaruka mishono.

Asubuhi moja aliingia jikoni akakuta koki imefunguliwa vipandevipande juu ya meza.

"Baba Pacha, koki hiyo ina nini?"

"Haina kitu."

"Sasa mbona iko mezani?"

"Naiangalia."

"Iangalie ikiwa mahali pake. Nina sufuria motoni na sina maji."

Mama Pacha alikuwa na subira, ila haikuwa ya kuweka ghalani. Alichukua vitunguu vilivyokuwa vimechipua kapuni, akavitia ndani ya beseni lililopasuka, akamkabidhi mumewe.

"Peleka juu. Vitie udongo. Na usishuke mpaka vikomae."

"Vitunguu huchukua muda gani?"

"Ndiyo maana nimekupa vitunguu."

Juu kulikuwa na paa bapa la saruji ambalo wapangaji wote walilitumia kuanikia nguo. Kulikuwa na matangi ya maji, karo mbili za kufulia, kamba zilizolegea, na ukuta mfupi wa ukingo kuzunguka pande zote. Koki alifika na beseni lake, akatazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangu aache kazi akaona mahali penye nafasi ya kutembea.

Beseni moja lilimtosha kwa siku chache tu. Chini ya ngazi alikuwa amerundika vitu alivyovibeba kutoka kwa wateja maisha yake yote: masinki yaliyomeguka, matangi ya choo yasiyo na vifuniko, vipande vya mabomba, na choo cha kukaa kilichopata ufa siku ileile kilipotolewa kwenye boksi. Mkewe alikuwa ameomba mara nyingi vitupwe. Sasa vilipanda juu kimoja kimoja, vikajazwa udongo, vikapandwa nyanya, pilipili na giligilani. Mchicha ulipata choo.

"Mimi na familia yangu," alisema Katibu alipouona, "hatuwezi kula mboga iliyotoka chooni."

"Hakijawahi kukaliwa na mtu."

"Hilo unalijua wewe. Tumbo langu halilijui."

Katibu ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya jengo, na riziki yake ilikuwa kupiga picha za paspoti. Ndiye yule aliyempa Koki masikio matatu. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuwaambia watu watulie, na alizungumza hata na mkewe kana kwamba yuko mbele ya mkutano.

Miche iliota, kisha ikalegea. Kila ilipofika adhuhuri majani yalining'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Koki alimwagilia, yakasimama, jua likapanda, yakalala tena. Alipanda na kushuka ngazi na kopo lake mpaka viatu vikaisha soli, na hakuelewa kwa nini, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa safi. Kila sinki alikuwa ameliinamisha kidogo. Kila tangi alikuwa amelitoboa chini, na kila tundu alikuwa ameliunganisha na bomba jembamba lililoteremka vizuri hadi mferejini.

Mama Pacha alikuja kuanika mashuka, akasimama akatazama.

"Kazi nzuri," alisema. "Maji yanaingia hapa, yanatokea pale, kama mgeni asiyepewa hata kiti. Mmea unakunywa saa ngapi?"

"Maji yasipotoka huoza."

"Yakitoka yote, utakayeoza ni wewe, hapa juu na kopo lako." Alibana shuka la mwisho. "Maisha yako yote umeyafukuza maji, mume wangu. Sasa yanakukimbia yenyewe."

Maneno hayo yalimkosesha raha siku nzima. Ni kweli: fundi bomba hulipwa ili maji yaondoke upesi, na yeye aliondoa maji upesi kuliko wenzake wote. Mama Pacha alikuwa amekulia shambani kwa mama yake, na kesho yake, bila hotuba, alimwonyesha alichokumbuka. Tandaza majani makavu juu ya udongo, jua lisiukaushe. Usitupe maganda, yarundike na majani, yageuze, yapate hewa, yatakuwa mboji, na mboji hushika maji kama sifongo. Usimwagie mimea maji ya povu zito, yanachoma. Yale ya suuza ya mwisho yanafaa.

Koki aliziba nusu ya matundu yake. Alimwomba mfagiaji wa barabara asichome majani, ampe yeye. Alitoboa pipa la zamani likawa la mboji, akaanza kugonga milango kuomba maganda ya ndizi, ya viazi, ya mayai. Aliunganisha karo za kufulia na bomba lenye vali, ili maji ya povu yaende zake na maji ya suuza yaende bustanini. Vidukari walipovamia pilipili hakutaka kusikia habari za dawa ya dukani. Aliwapulizia maji ya sabuni kidogo na pilipili hizohizo zilizopondwa, akasema waonje wanachokipenda. Alipoona minyoo wa udongo wamezaana ndani ya pipa aliwaita watu waje watazame.

"Hawa ndio vibarua wangu," alisema. "Hawaombi likizo."

Mwishowe alijenga tuta refu la mbao kando ya ukuta wa ukingo, akalijaza mboji, likatoa nyanya zilizogawiwa kila ghorofa. Maganda yalirudi juu ndani ya ndoo zilezile zilizoteremsha nyanya. Hata hivyo Koki hakutulia. Aliacha kupalilia aende kufunga kamba, akaacha kamba aende kugeuza mboji, akaacha koleo ndani ya mboji kwa sababu ameona jani lina doa. Kazi zake zote zilikuwa wazi kwa pamoja, kama milango ya nyumba inayohamwa.

Moja kwa moja chini ya tuta lile, upande wa pili wa saruji, kulikuwa na kitanda cha Nesi.

Nesi alifanya kazi hospitalini, zamu ya usiku, na alilala mchana. Alizisikia nyayo za Koki juu yake zikienda na kurudi, akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Siku ya pili alipanda juu akiwa na khanga mabegani na macho mekundu.

"Baba, mimi silali mchana kwa uvivu."

"Nisamehe, mwanangu. Nitavua viatu."

Alivua. Tangu siku hiyo alizunguka bustanini pekupeku, na Nesi akalala, na akapewa pilipili.

Mvua zikaanza. Ndipo pia Mama Pacha alipoanza kutafuta kandambili yake ya kushoto. Alikuwa ameiacha juu karibu na karo, ya kulia ikabaki, ya kushoto ikatoweka. Aliuliza ngazi nzima. Alimsingizia paka wa jirani, kisha upepo. Koki alimwambia itapatikana, akaondoka haraka kama kawaida yake.

Haukupita muda mrefu Nesi akapanda tena, safari hii akiwa bado na sare ya kazini.

"Baba, njoo uone kitu."

Walishuka pamoja. Chumba kilikuwa na pazia zito, kitanda kilichotandikwa kwa kunyooshwa kama cha wodini, na juu ya mto, kwenye dari nyeupe, alama ya unyevu yenye umbo la sikio. Koki alipanda juu ya kiti, akaigusa, akanusa kidole.

"Ni maji," alisema.

"Hilo nilishajua bila fundi."

Alibaki juu ya kiti akiitazama. Alikuwa ameingia vyumba vingi vya watu, akatazama dari nyingi, lakini siku zote kosa lilikuwa la mtu mwingine.

Kamati ilikaa jioni ileile penye ngazi. Katibu alizungumza kwa kifupi, jambo ambalo lilimtisha Koki kuliko hotuba.

"Mzee wangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumapili hii tutakutana juu, wapangaji wote. Kama utakuwa umepata panapovuja, sawa. Kama hujapata, bustani iondoke."

"Iondoke vipi?"

"Iondoke, Fundi. Udongo, mapipa, mbao. Na hicho choo."

Mama Pacha aliyasikia hayo akiwa mlangoni na sindano mdomoni. Alimwona mumewe akipanda ngazi mbilimbili, akajua kwamba wasiwasi uliokuwa umehamia paani utarudi sebuleni kwake ukiwa na nguvu mpya. Aliwaza pia jambo ambalo hakulisema: kwamba tangu mboga ziote, mumewe alikuwa akirudi chini amechoka kweli, akilala usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Bustani ikiondoka, kile kilichobaki cha mtu huyu kitakwenda wapi?

Koki aliutafuta uvujaji kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Alivikagua viungo vya mabomba kimoja kimoja kwa ncha za vidole. Aliweka mpini wa spana sikioni na ncha yake juu ya saruji, akasikiliza. Alitumia mbinu ya mafundi: alitia rangi ya chakula kwenye maji, nyekundu kwenye sinki, kijani kwenye matangi, buluu kwenye tuta refu, kisha akateremka kwa Nesi kungoja rangi gani itatokea darini. Alingoja akiwa amesimama. Alitoka, akarudi, akatoka.

"Baba, ama ingia ama toka," Nesi alisema. "Mlango wangu si feni."

Hakuna rangi iliyotokea. Nesi akahamishia kitanda sebuleni, kati ya kabati na meza, akawa analala miguu imegusa friji.

Koki akaacha kumwagilia kabisa. Majani ya nyanya yakajikunja. Kingo za lile sikio zikaanza kukauka, na dalili hiyo ikaishtaki bustani. Kisha mvua ikanyesha alasiri nzima na sikio likarudi, kubwa kuliko mwanzo, na Koki akashuka ngazi mbio hadi kwenye studio ya Katibu.

Katibu alikuwa amemkalisha mteja mbele ya pazia jeupe. "Tulia," alikuwa akimwambia. "Kidevu chini. Tulia hivyohivyo."

"Ni mvua," Koki alisema kutoka mlangoni. "Nimeacha kumwagilia, pakakauka. Mvua imenyesha, pamelowa. Si mimi. Ni mvua."

Mteja aligeuza kichwa kumtazama. Picha ikaharibika.

"Mzee wangu," Katibu alisema polepole, "mvua inanyesha juu ya jengo zima. Mbona dari za wengine hazijaota masikio?"

Koki aliondoka mlangoni. Alirudi kwa njia ndefu, akazunguka mtaa mzima kabla ya kuingia ndani.

Jumapili asubuhi alikuwa dirishani, mlangoni, dirishani. Mama Pacha alikuwa akimalizia kola ya shati, na uzi ulikuwa umemkatikia mara kadhaa. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Kaa chini, Baba Pacha."

"Nimekaa sana."

"Lini?"

Akageukia dirisha. Mama Pacha alishusha pumzi, akainuka kwenda kuvaa viatu, akaiona ile kandambili ya kulia peke yake kando ya mlango. Aliiokota akamtupia mumewe.

"Chukua na hii. Ukaifanyie lolote huko juu. Mwenzake hatarudi, na mimi nimechoka kumwekea nafasi."

Koki aliidaka kwa mkono wa kushoto. Aliitazama soli yake, raba nene, laini, nyeupe juu na buluu chini. Aliibonyeza kwa kidole gumba, ikarudi. Kisha akakumbuka, akafungua mlango akaondoka bila kuufunga.

Siku ile mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, alikuwa amesimama kwenye kona ya tuta refu akiyatazama maji mengi, safi, ya bure, yakikimbilia tundu la mfereji na kupotea. Sasa alikuwa mtu wa kutunza maji, na aliona uchungu. Kandambili ya kushoto ya mkewe ilikuwa chini, karibu na miguu yake. Aliikata soli duara kwa kisu cha bustani, akalipachika duara lile kwenye tundu, likakaa kana kwamba lilizaliwa humo. Maji yakaanza kupanda taratibu hadi kwenye mbao za tuta, na udongo ukawa unayanywa kutoka chini. Alifurahi kimoyomoyo. Fundi gani mwingine angewaza hilo? Mvua ilipokata alianza kwenda kuliondoa. Alikumbuka waziwazi kwamba alianza kwenda. Njiani aliona vidukari juu ya pilipili.

Na kwa kuwa alikumbuka kwenda, akili yake ilihesabu kwamba alifika. Majani ya matandazo yalikuwa yamesombwa na maji yakaifunika kona yote, na tuta lilimzuia mtu asione nyuma yake. Mvua zote zilizofuata zilituama pale, zikatafuta ufa mwembamba chini ya ukuta wa ukingo, zikaupata.

Alipiga magoti, akachimbua majani yaliyooza kwa mikono miwili. Maji yalikuwepo, meusi, yenye vipande vya majani. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akashika ukingo wa raba, akavuta. Kiganja cha kulia kikaachia. Akavuta kwa kushoto. Duara likachomoka, na maji yakaondoka kwa mngurumo ule aliousikia maisha yake yote, mngurumo uliomaanisha kwamba kazi imekwisha na mteja anaweza kuitwa aone.

Alibaki amepiga magoti na duara mkononi. Sasa dari itakauka. Angeweza kusema kwamba ameona ufa, na ufa upo kweli. Angeuziba mbele yao wote na kupongezwa. Bustani ingebaki, na kauli yake ingebaki. Aliitia ile raba mfukoni. Aliitoa. Aliitia tena. Alishuka hadi ghorofa yake, hakuingia, akapanda tena.

Wapangaji walipoanza kufika alikuwa akizunguka tangi la maji. Walisimama kati ya kamba za nguo, wengine wakiwa na watoto migongoni, na mtu mmoja akawa anachuma nyanya kimyakimya, huenda zikawa za mwisho. Mama Pacha alikuja na tepu ya kupimia shingoni. Nesi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga mwayo.

Katibu alikohoa. "Ndugu wapangaji, tumekutana hapa juu kwa ajili ya jambo lililo juu. Fundi, umepapata panapovuja?"

"Nimepapata."

"Ni wapi?"

Koki alitia mkono mfukoni, akatoa lile duara la raba, akalinyanyua.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mtu mmoja.

"Hiyo ni kandambili yangu," alisema Mama Pacha.

Mtu alicheka. Koki aliwaeleza yote bila kupamba: mvua, kisu, tundu, vidukari. Alipokuwa akieleza alihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, lakini hakuruka kitu. Aliwaonyesha kona na ufa.

"Nimeitafuta mpaka chini ya vitanda walivyoviacha mapacha," Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini. "Nimemsingizia paka wa watu."

"Naam."

"Ukanitazama nikitafuta."

"Nilidhani nikisema utanikataza kuikata."

"Ulikuwa umeshaikata."

Nesi aliinuka kutoka kwenye ndoo, akalichukua lile duara, akaligeuzageuza.

"Baba, ungeling'oa ukanyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa kila nikiingia kwako, lile sikio lingekuwa linanisikiliza."

Nesi hakutabasamu, lakini alimrudishia raba yake kwa upole zaidi kidogo kuliko alivyoichukua.

"Kamati ilisema," Katibu alianza, "kwamba uvujaji ukipatikana—"

"Umepatikana," Nesi alimkata, "na aliyeuleta ndiye aliyeusahau. Leo kandambili. Kesho? Ninampenda baba huyu, pilipili zake ninakula. Lakini naomba bustani hii iondoke juu ya kitanda changu."

Watu walitazama chini. Koki alikuwa wa kwanza kusema.

"Iondoke."

Na hakungoja mtu apige kura. Aligeuka pale pale, akalishika sinki la kwanza alinyanyue, sinki lenye udongo wa mvua na nyanya zilizowiva nusu. Kiganja cha kulia kikagoma, sinki likainama, udongo ukamwagika juu ya miguu yake mitupu. Alijaribu tena. Mama Pacha aliita, "Baba Pacha, tulia," na Katibu naye akasema, "Tulia, Fundi," na yeye akajaribu mara nyingine.

Nesi ndiye aliyemshika mkono. Aliushika kama wauguzi wanavyoshika, si kwa nguvu, lakini mtu haendi popote.

"Baba. Nimesema iondoke juu ya kitanda changu. Sijasema uitupe." Aliangalia huku na huku. "Kile choo nipe mimi. Nitakiweka barazani kwangu. Kikivuja kitanivujia miguuni, si usoni."

Kisha yule aliyekuwa akichuma nyanya akasema kwamba dirisha lake la jikoni lina ukingo mpana. Mwingine akauliza kama giligilani hustahimili kivuli. Katibu, aliyeapa kutokula mboga ya chooni, alisogea karibu na sinki lililomwagika, akauliza kwa sauti ya mkutano kama tayari lina mwenyewe.

Alasiri hiyo bustani iliteremka ngazi mikononi mwa watu. Pipa la mboji liliwekwa chini karibu na geti, mahali ambapo kila apitaye angeweza kutupia maganda. Mbao za tuta zilivunjwa. Katibu alikoroga saruji na kuuziba ufa, Koki akiwa amesimama nyuma yake akimwelekeza kwa mdomo tu, mateso makubwa kuliko kazi yenyewe. Mama Pacha alibaki na beseni la vitunguu.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo mambo yalinyooka, lakini bustani yenye wenyewe wengi ina makosa mengi. Wako waliomwagilia mara mbili kwa siku mpaka mizizi ikaoza, na wako waliosahau mpaka udongo ukawa tofali. Katibu aliupiga mnyanya wake picha kila ulipotoa ua na hakuufunga kijiti hata mara moja. Mtu alitupa betri ndani ya pipa la mboji. Koki alipita kila mlango, akapanda na kushuka, akakemea, akatia vidole kwenye udongo wa watu bila kuomba, akabeba mboji juu na maganda chini. Kauli yake ya zamani hakuirudia tena. Walipomuuliza habari za kazi alisema, "Tunaangalia, tunaangalia," na alikuwa ameshafika ngazi ya pili.

Nesi alimwekea sharti moja. Akiwa amelala, alitundika taulo jeupe kwenye kitasa cha mlango. Likiwepo, hakuna kugonga, hata mchicha ukiwa unaungua.

Mchana mmoja Koki alifika akalikuta taulo. Aligeuka aende zake. Ndipo akasikia, upande wa pili wa mlango, jikoni: ndo. Kimya. Ndo.

Mpira wa koki umeisha, aliwaza. Mzunguko mmoja tu wa spana. Mkono wake ukaenda mfukoni mahali spana ilipokuwa ikikaa, ukakuta kamba ya kufungia nyanya. Aliinua ngumi agonge. Maji safi yalikuwa yakianguka kwenye sinki bure, na mchicha uko hatua chache tu barazani, una kiu. Ndo. Aliishusha ngumi. Aliinua tena, akashusha.

Aliketi juu ya ngazi.

Mama Pacha alimkuta hapo alipokuwa akipandisha nguo za kuanika, na kandambili mpya miguuni. Aliweka karai chini kwa hofu.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Mbona umekaa?"

"Nasubiri aamke."

Mama Pacha alimtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyevaa shati la mumewe. Kisha akasogeza karai, akaketi kando yake. Wote wawili wakasikia tone likianguka ndani.

"Unatikisa ngazi," alimwambia baadaye kidogo.

Koki alitazama chini. Goti lake lilikuwa likipandapanda lenyewe, haraka, kama kanyagio la cherehani. Aliweka juu yake kile kiganja kibovu, akalikandamiza, akaendelea kusikiliza.